Mrushaji chipukizi akipigwa kila wiki: timu imngoje au iachane naye?

Oktoba 2025, sisi wachache tunaokesha hadi saa tisa usiku kutazama besiboli ya Marekani tuliona kitu ambacho mwezi Mei hakuna aliyekitarajia. Roki Sasaki, mrushaji wa Kijapani wa miaka 23, alikuwa akiitwa mwishoni mwa mechi kuzizima kwa niaba ya Los Angeles Dodgers katika hatua ya mtoano, na alizizima kweli. Miezi mitano nyuma kijana huyohuyo alikuwa mada ya kejeli. Mechi yake ya kwanza, Machi mjini Tokyo dhidi ya Chicago Cubs, alidumu awamu tatu tu na akagawa nafasi tano za bure kwa wapinzani. Alipofikisha mechi nane bega likamsumbua, akawekwa pembeni, na kwa miezi kadhaa waliomtaja zaidi ni wale waliouliza, "Kwani huyu alisajiliwa wa nini?"

Dodgers walipochukua ubingwa, wakejeli wakageuka wahubiri: eti timu zote zijifunze subira. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Neno hilo hutumiwa kwa mambo matatu au manne yasiyofanana, na katika mabishano mengi niliyoyasikia kila mtu anazungumzia subira yake mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki mada hii haiko mbali kama zamani. Mwaka 2012 watoto kutoka Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Leo warushaji wa Kiganda kama Ben Serunkuma na David Matoma wameshasajiliwa na mashirika makubwa, Dodgers na Pittsburgh Pirates. Swali linaloulizwa kuhusu Sasaki litaulizwa kuhusu vijana wetu pia, tena bila huruma ya jina kubwa.

Mrushaji ni nani, na anapimwaje

Kwa jicho la mtu wa soka, besiboli ina jambo la ajabu: timu inayolinda ndiyo yenye mpira. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, na hakuna kinachotokea mpaka mpira utoke mkononi mwake. Mpigaji akishindwa mara tatu kuupiga mpira uliorushwa kihalali, ametoka. Mrushaji akikosa shabaha mara nne kabla ya hapo, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Tuite hilo "kumtembeza". Wapigaji watatu wakitoka, zamu inabadilika. Mechi ina awamu tisa.

Kuna warushaji wa kuanza, ambao hufungua mechi na kutarajiwa wadumu awamu tano, sita au zaidi, na kuna wa akiba, wanaoingia baadaye kwa kazi fupi. Miongoni mwa hao wa akiba yupo wa kumalizia, anayeingia timu ikiwa mbele kidogo ili afunge mlango.

Kipimo kinachotajwa sana kinaitwa ERA. Ni wastani wa mikimbio, yaani mabao ya besiboli, ambayo mrushaji huyaruhusu kwa kila awamu tisa, ukiondoa yale yaliyotokana na wenzake kuuchezea mpira ovyo. Mfikirie kipa unayemhesabia wastani wa mabao kwa mechi. ERA ya 3 ni nzuri, ya 4 na ushei ni ya kawaida, na ukifika 6 unaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ndani: chini ya timu 30 za Ligi Kuu kuna ngazi nne za ligi ndogo zinazocheza msimu mzima, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Kila timu kubwa ina tawi lake katika kila ngazi. Kwetu kipa kinda wa klabu kubwa hutolewa kwa mkopo kwenda timu nyingine, huko akafundishwe na kocha mwenye malengo yake. Mrushaji wa Marekani anaposhushwa habadilishi nyumba, anahamishiwa chumba cha chini. Wanaomfundisha huko ni waajiriwa wa timu ileile, na mpango wake wa mazoezi unamfuata.

Kwa nini warushaji huyumba hivi

Mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Watu husifu ujasiri wa mpigaji na kusahau kuwa upande wa pili pia hauna nafasi ya kukosea. Mwendo wa kurusha unaanzia mguuni, unapanda nyongani, unapita begani na kiwikoni, unaishia kwenye ncha za vidole viwili. Mpira ukiachiwa mapema kidogo, unapaa juu ya kichwa cha mpigaji. Ukichelewa, unadunda chini.

Randy Johnson alikuwa na urefu wa mita 2.08, na kwa miaka kadhaa mwili huo mrefu ulimshinda kuupanga. Montreal ilimwachia mwaka 1989. Seattle, waliompokea, walimwona akitembeza wapigaji 152 katika msimu mmoja wa 1991. Mwaka uliofuata mkongwe Nolan Ryan na kocha Tom House walimwonyesha kwamba mguu wake wa mbele ulikuwa ukitua kwa kisigino badala ya sehemu ya mbele ya unyayo. Ni kisigino tu! Alistaafu akiwa na tuzo tano za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa msimu.

Sababu ya pili ni wapigaji. Kila mtaa una yule kijana mwenye chenga moja inayowalaza mabeki wote wa uwanja wa shule. Akipanda ligi ya juu anakuta mabeki wameshaitazama chenga hiyo kwenye video mara hamsini. Mrushaji mwenye mpira mmoja wa kasi huwamaliza watoto wa Single-A. Wapigaji wa Ligi Kuu wataupiga wakijua tu kwamba ndio unaokuja, hata uje kwa kasi gani. Kwa hiyo kijana akipigwa mwezi wake wa pili, mara nyingi kiwango chake kiko palepale. Kilichobadilika ni kwamba wapinzani wamemjua, na sasa ni zamu yake kuwajua wao.

Sababu ya tatu ni mkono wenyewe. Kiwiko cha binadamu hakikuumbwa kwa kazi hii. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia upasuaji Tommy John mwaka 1974, akitumia kano kutoka sehemu nyingine ya mwili kurekebisha kiwiko chake, mamia ya warushaji wamepita njia hiyo, na kupona huchukua mwaka au zaidi. Kijana anayeficha maumivu hurusha vibaya kabla hajakiri kuwa anaumwa. Hapo kusubiri akiwa bado kichuguuni ni kumwumiza.

Halladay, mwaka 2000

Sasa tuingie kwenye kisa ambacho kila mtetezi wa subira hukitaja, na ambacho wengi hukisimulia nusu.

Roy Halladay aliteuliwa na Toronto Blue Jays mwaka 1995, katika raundi ya kwanza ya zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu. Katika mechi yake ya pili tu ya Ligi Kuu, Septemba 1998, alibakiza mpigaji mmoja amalize mechi nzima bila Detroit kupata hata pigo moja halali, kabla Bobby Higginson hajaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, pigo linalozaa mkimbio papo hapo. Alikuwa na miaka 21. Mji mzima ulimwona mfalme ajaye.

Mwaka 2000 akaporomoka kwa namna isiyo na mfano. ERA yake ilikuwa 10.64. Wastani wa ligi yake mwaka huo ulikuwa karibu 5, na hakuna mrushaji aliyefikisha awamu 50 katika msimu mmoja aliyewahi kuwa na namba mbaya kuliko hiyo. Mpira wake wa kasi ulikuwa na kasi kweli, lakini ulitoka juu kabisa ya bega na kwenda mnyoofu kama reli. Wapigaji waliusubiri palepale.

Toronto ingeweza kufanya mambo mawili ambayo kila shabiki angeyaelewa: kumwuza, au kumwacha kwenye kikosi "azoee". Haikufanya lolote kati ya hayo. Mwanzoni mwa 2001 ilimshusha hadi Dunedin, Florida, kwenye ngazi ya A, hatua tatu chini ya alikokuwa. Hebu fikiria kipa wa timu ya taifa akiambiwa akadake ligi ya mkoa. Halladay mwenyewe hakuficha baadaye kwamba ilimvunja moyo karibu aache mchezo.

Huko akapewa Mel Queen, kocha mzee mwenye ulimi mkali, ambaye hakuanza na kumbembeleza. Alianza na kiwiko. Waliushusha mkono kutoka juu kabisa hadi robo tatu, ili mpira uache kwenda mnyoofu na uanze kuzama na kukata pembeni. Kwa maneno mengine walimvua mtindo aliokuja nao tangu utotoni, wakamshonea mwingine. Mkewe naye alimnunulia kitabu kuhusu akili ya mrushaji, akakisoma na kukirudia. Akapanda Tennessee, akapanda Syracuse, na Julai ya mwaka huohuo akarudi Toronto. Alimaliza msimu na ERA ya 3.16. Mwaka 2003 alishinda mechi 22 na tuzo ya Cy Young. Mwaka 2010, akiwa Philadelphia, alitwaa tuzo hiyo tena, na katika mwaka huo mmoja alirusha mechi kamilifu dhidi ya Florida, wapigaji 27 wakaja na 27 wakatoka, kisha akainyima Cincinnati pigo lolote katika mechi yake ya kwanza ya mtoano.

Wanaosema "Toronto walimvumilia" wako sahihi kwa sehemu. Walichokataa ni kumpoteza mchezaji. Mrushaji yule wa mwaka 2000, mwenye mkono wa juu na mpira mnyoofu, hawakumvumilia hata wiki moja zaidi. Tukiyachanganya hayo mawili, kisa cha Halladay kinageuka ruhusa ya kumwacha kijana yeyote aendelee kupigwa.

Kusubiri kitu gani?

Chukua majirani wawili wenye mashamba ya mahindi. Majani yameanza kugeuka njano. Wa kwanza anasema tusubiri mvua. Wa pili anaingia shambani, anafunua moyo wa mmea kutafuta viwavijeshi, anang'oa shina moja atazame mizizi, anajiuliza kama mbolea ilitiwa kwa wakati. Huenda naye mwishoni akasubiri mvua, ila atakuwa anajua anachokisubiri na lini aache kukisubiri.

Timu zenye akili hufanya kama yule wa pili, na vifaa vyao vimekuwa bora. Tangu 2015 viwanja vyote vya Ligi Kuu vina mitambo inayopima kila mpira: kasi, mzunguko, ulivyopinda, ulivyopigwa. Kwa hiyo swali la "amepigwa?" linakuwa la mwisho. La kwanza ni kama kasi yake imeshuka, kwa sababu kasi ikishuka ghafla unamtafuta daktari. La pili ni uwiano wa wapigaji anaowatoa bila kupiga na wale anaowatembeza. Hayo mawili yanamtegemea yeye zaidi kuliko kitu kingine chochote uwanjani. Kwa Sasaki wa masika ya 2025, waliotembezwa walikuwa wanakaribia kulingana na waliotolewa, na hiyo ilikuwa habari mbaya zaidi kuliko ERA yake.

ERA ina udhaifu wake. Mwaka 2001 mtafiti aitwaye Voros McCracken alionyesha jambo lililowakera wengi: mpira ukishapigwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji ana udhibiti mdogo sana juu ya kitakachofuata. Takriban mipira mitatu kati ya kumi hugeuka mapigo halali, kwa wazuri na kwa wa kawaida. Kijana anayekuta mitano kati ya kumi inaangukia mahali pasipo na mtu anaweza kuwa na mwezi mbaya bila kurusha vibaya. Ni sawa na kipa aliyefungwa mabao matatu yaliyomgonga beki na kubadili njia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Corbin Burnes wa Milwaukee. Mwaka 2019 ERA yake ilikuwa 8.82, na katika awamu 49 alipigwa mipira 17 iliyotoka nje ya uwanja. Ukitazama hapo tu, mwache aende. Lakini katika awamu hizohizo 49 alikuwa amewatoa wapigaji 70 bila kuupiga mpira, kiwango cha mrushaji wa daraja la juu kabisa. Mkono ulikuwa mzima na wa ajabu. Kilichokuwa kinamchoma ni aina moja ya mpira wa kasi aliyoing'ang'ania. Akaipunguza, akafanya mpira wa kukata kuwa silaha yake kuu, na mwaka 2021 akachukua Cy Young kwa ERA ya 2.43. Hapo subira ilikuwa rahisi kuitetea, kwa kuwa ushahidi ulikuwepo tayari, umefunikwa na namba moja mbaya.

Saa ya kanuni

Mashabiki wengi hudhani timu inaweza kusubiri itakavyo. Haiwezi. Mchezaji akishaingia kwenye orodha ya watu 40 ya timu, timu inaruhusiwa kumshusha na kumpandisha katika misimu mitatu tu. Miaka hiyo ikiisha, ukitaka kumshusha lazima kwanza umweke wazi mbele ya timu nyingine zote, na yeyote akimtaka anamchukua. Ndiyo maana utaona mrushaji wa miaka 26 anayepigwa kila wiki bado yumo kikosini. Kocha hajapofuka. Akimshusha kesho, keshokutwa yuko kwa jirani.

Kuna pia saa ya mshahara. Timu humiliki haki za mchezaji kwa takriban miaka sita ya utumishi wa Ligi Kuu, na mitatu ya mwanzo humlipa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kwetu ni utajiri, kwa timu ni bei ya karanga. Hapa kuna dhana moja ya kuondoa: wengi waliamini Dodgers walimvumilia Sasaki kwa kuwa walimlipa mamia ya mamilioni. Wanamchanganya na Mjapani mwenzake kikosini, Yoshinobu Yamamoto. Sasaki alihama kabla ya kutimiza miaka 25, hivyo kanuni zilimweka kundi la chipukizi wa kigeni, na malipo yake ya kusaini yalikuwa dola milioni 6.5. Alivumiliwa akiwa bei rahisi. Na walikuwa wakijua kilichomo ndani ya mkono ule: Aprili 2022, akiwa na miaka 20, alirusha mechi kamilifu Japani na kuwatoa wapigaji 19 bila kuupiga mpira, 13 kati yao mfululizo.

Kanuni zinaweza pia kulazimisha subira ya uongo. Sandy Koufax alisajiliwa na Brooklyn Dodgers wakati ambapo chipukizi yeyote aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 ilibidi akae kwenye kikosi cha Ligi Kuu kwa miaka miwili, bila kwenda ligi ndogo. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 ambaye hakujua mpira wake unakwenda wapi alikaa benchi la mabingwa wa 1955, akirusha kwa nadra. Alitunzwa bila kufundishwa. Hadi mwisho wa 1960 alikuwa ameshinda mechi 36 na kupoteza 40. Kisha kabla ya msimu wa 1961 Norm Sherry, mdakaji wa timu, yaani yule anayeupokea mpira wa mrushaji, akamwambia apunguze nguvu, arushe kwa utulivu. Misimu sita iliyofuata alishinda 129 na kupoteza 47, akastaafu na miaka 30 kwa maumivu ya kiwiko. Ningependa kujua miaka sita ile ya kwanza ingekuwaje angepelekwa tu Single-A kama wenzake.

Embe zilizooza mtini

Mvumilivu hula mbivu, husema wazee, na methali hiyo haisemi chochote kuhusu embe zilizooza zikiwa juu. Kosa kubwa katika mjadala huu ni kuwahesabu waliofanikiwa peke yao. Kila mtu anamkumbuka Halladay kwa sababu kuna mtu wa kumkumbuka.

Katikati ya miaka ya 1990 New York Mets walikuwa na warushaji watatu vijana waliotangazwa kama kizazi kipya: Jason Isringhausen, Bill Pulsipher na Paul Wilson, huyu wa mwisho akiwa chaguo la kwanza kabisa la mwaka 1994. Viwiko na mabega yao yaliharibika mmoja baada ya mwingine, na ile safu iliyoahidiwa haikupata kusimama pamoja. Brien Taylor, chaguo la kwanza la Yankees mwaka 1991 kwa dola milioni 1.55, aliumia bega kwenye ugomvi Desemba 1993 na hakufika Ligi Kuu hata siku moja. Mark Appel, chaguo la kwanza la Houston mwaka 2013, alivumiliwa, akauzwa, akaacha mchezo mwaka 2018, akarejea, na akarusha mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu mwaka 2022 akiwa na miaka 30, Philadelphia. Ni hadithi nzuri ya mtu. Kama uwekezaji, ilikuwa hasara.

Kwa hiyo ukisikia "angalia Halladay, ngoja tu", uliza walikuwa wangapi waliongojwa.

Dhana nyingine inasema kila aliyeng'aa baada ya kuondoka aliachwa kwa kukosa subira. Jake Arrieta alikuwa Baltimore kwa misimu minne, ERA yake huko 5.46. Miaka minne ni subira kubwa! Baltimore walitaka kuunyoosha mwendo wake wa kurusha, ambao ulivuka kifua kwa pembeni. Cubs walipompata mwaka 2013 walimwacha arushe alivyozoea, na mwaka 2015 akashinda mechi 22, ERA 1.77, Cy Young. Baltimore walikosa ufunguo. Wangemweka miaka minne mingine bila ufunguo huo, wangepata namba zilezile.

Na wakati mwingine jibu ni kumbadilishia kazi. Mariano Rivera alijaribiwa kama mrushaji wa kuanza mwaka 1995 na akamaliza na ERA ya 5.51. Kama wa kumalizia alifunga mechi 652, na mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza kuingia Jumba la Heshima la besiboli kwa kura zote bila hata moja kumkataa. Aliingia siku moja na Halladay, ambaye hakuwepo. Alikufa katika ajali ya ndege yake mwaka 2017. Isringhausen wa Mets naye aliokolewa na njia hiyohiyo, akamaliza na mechi 300 zilizofungwa. Sasaki wa Oktoba alipewa kazi fupi, awamu chache tu, ili asilazimike kuwa na aina nne za mpira. Hilo halijamaliza swali kama anaweza kuanza mechi na kudumu awamu sita, na wanaolihesabu kuwa limekwisha wanaharakisha.

Nani ana nafasi ya kungoja

Mwaka 1988 Tom Glavine wa Atlanta alishinda mechi 7 na kupoteza 17. Alibaki kikosini. Je, viongozi wa Atlanta walikuwa na hekima ya kupita kiasi? Labda kidogo. Lakini timu yao ilipoteza mechi 106 mwaka huo. Hapakuwa na kitu cha kulinda. Kila pigo alilopigwa Glavine liligharimu mechi ambayo huenda ingepotea vilevile, na yeye akajifunza. Alimaliza na ushindi 305.

Timu inayogombea ubingwa haina anasa hiyo. Mechi nane za kijana anayejifunza zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya msimu. Binafsi naona hapa ndipo mjadala unapopotea zaidi: watu huuliza kama subira ni nzuri, bila kuuliza nani anailipia na kwa sarafu gani.

Agosti 1987 Detroit Tigers walikuwa wakigombea kileleni na walihitaji mrushaji aliyeiva. Wakamchukua Doyle Alexander, mkongwe wa miaka 36, na kuipa Atlanta kijana wa miaka 20 aliyekuwa Double-A, ushindi 4 na vipigo 10, ERA juu ya 5. Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, Detroit wakaongoza kundi lao kwa tofauti ya mechi mbili, kisha wakatolewa na Minnesota. Miaka miwili baadaye alikuwa amestaafu. Yule kijana alikuwa John Smoltz. Atlanta walimvumilia hata alipoanza msimu wa 1991 kwa ushindi 2 na vipigo 11, wakampeleka kwa mwanasaikolojia wa michezo, na nusu ya pili akashinda 12 na kupoteza 2. Alishinda mechi 213, akafunga 154, akaingia Jumba la Heshima mwaka 2015.

Waulize mashabiki wa Detroit leo kama walifanya kosa, na utapata majibu mawili kutoka meza moja. Uongozi wa kundi mwaka 1987 waliupata kweli, na bila Alexander huenda wasingeupata. Smoltz, kwa upande wake, ni mtoto wa Michigan, na timu aliyoishabikia tangu utotoni ilikuwa Tigers.